Figo baada ya kupandikizwa seli shina: mwongozo kwa wagonjwa wa saratani ya damu na jamaa zao

Waraka huu umekusudiwa kaya zizungumzazo Kiswahili jijini Sydney ambamo yumo mtu aliyepandikizwa seli shina, au anayesubiri kupandikizwa, kwa sababu ya lukemia, limfoma, mieloma au saratani nyingine ya damu. Wengi hudhani kwamba mgonjwa akisharudi nyumbani Blacktown au Liverpool, hatari pekee iliyobaki ni saratani kurejea. Sivyo. Yapo madhara ya figo yanayojitokeza wiki, miezi, na pengine miaka baada ya matibabu. Baadhi yake ni adimu, lakini yakichelewa kutambuliwa yanaweza kumwondoa mtu ambaye saratani yake ilikwisha kushindwa.

Figo haina tabia ya kuuma. Jino bovu litakunyima usingizi. Figo inaweza kupoteza nusu ya nguvu zake nawe ukaendelea kula, kufanya kazi na kuhudhuria harusi bila kuhisi lolote. Ndiyo maana timu ya hospitali huomba damu na mkojo hata siku unapojiona mzima, na ndiyo maana ile miadi inayoonekana haina sababu haifai kuachwa.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Yamekusudiwa kukusaidia kumwelewa na kumuuliza.

Kilichofanyika mwilini

Seli shina hukaa ndani ya uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, ambao Watanzania wengi huuita uloto. Kutokana nazo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu panapotokea jeraha. Neno "kupandikiza" huwatia watu hofu ya kisu, lakini anayepokea seli hapasuliwi. Kwanza hupewa dawa kali za kemo, wakati mwingine pamoja na mionzi ya mwili mzima, ili uboho wenye ugonjwa uondolewe. Kisha seli shina huingizwa kupitia mshipa, kama mtu anavyoongezwa damu. Seli hizo huweza kuwa zake mwenyewe, zilizokusanywa na kugandishwa mapema, au za mtu mwingine: ndugu, mzazi, mtoto, au mtoaji asiyemjua kabisa.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa figo. Anayepokea seli zake mwenyewe kwa kawaida hahitaji dawa za kutuliza kinga baadaye. Anayepokea za mtu mwingine huzihitaji kwa miezi kadhaa, na pengine zaidi, maana kinga yake mpya ni ngeni: inaweza kuuona mwili wa mwenyeji kuwa adui na kuishambulia ngozi, ini au utumbo. Dawa zinazotumika sana kuizuia ni siklosporini na takrolimasi. Manufaa yake ni makubwa, lakini ndizo pia zinazobana mishipa midogo ya damu inayoingia katika figo.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo 1,000,000. Figo mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, zikairudishia damu karibu yote na kutoa mkojo wa lita 1 hadi 2. Kazi ya namna hiyo yataka damu nyingi na mishipa iliyo salama. Katika majuma ya upandikizaji, mishipa hiyo huandamwa na mambo mengi kwa wakati mmoja: kemo, mionzi, antibiotiki, dawa za fangasi, kuharisha, kutapika, maambukizi. Kwa mwenye mieloma, huenda figo zilikwisha kuumia kabla ya siku ya kwanza ya matibabu, kwa kuwa protini zinazotengenezwa na saratani hiyo huziba mirija yake.

"Kali" na "sugu"

Katika barua za hospitali yamo maneno mawili yanayoleta mkanganyiko kila yanapofasiriwa. La kwanza ni lile ambalo kamusi hulipa maana ya "kali". Daktari anapolitumia kwa figo, hazungumzii ukali. Anamaanisha kwamba figo zimeumia kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache. Madhara ya ghafla yanaweza kuwa mepesi, na mara nyingi figo hupata nafuu mgonjwa akiongezewa maji au dawa fulani ikipunguzwa. La pili hufasiriwa "sugu". Kwa Kiswahili kilicho sugu ni kile kisichosikia dawa, hivyo mtu akiambiwa ana ugonjwa sugu wa figo hurudi nyumbani akiwa amekwisha kukata tamaa. Maana ya kitabibu ni kwamba hali hiyo imedumu kwa zaidi ya miezi 3, basi. Wapo wengi waishio nayo miaka mingi bila kuhitaji mashine ya kusafisha damu. Katika waraka huu tunasema "ya ghafla" na "ya muda mrefu".

Neno la tatu ni kreatinini. Hii ni taka itokanayo na misuli, ambayo figo huitoa mwilini. Ikipanda katika damu, huenda figo zimepungukiwa nguvu. Jambo la kutazama ni mwelekeo wa namba hiyo kutoka kipimo hadi kipimo, wala si namba moja pekee. Tena mtu aliyekonda sana wodini ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake inaweza kuonekana nzuri ilhali figo zake zimedhoofika. Ni haki yako kumwomba daktari akuonyeshe namba za miezi iliyopita zikiwa zimepangwa pamoja.

Madhara adimu yanayofaa kujulikana

Kinachohofiwa zaidi na madaktari ni kuumia kwa utando wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Utando huo ukichubuka, chembe sahani hujikusanya hapo na kufanya vijibonge vidogo mno. Chembe nyekundu zikilazimika kupenya katikati ya vijibonge hivyo, hupasuka vipande vipande, navyo vipande hivyo huonekana chini ya darubini. Hivyo mgonjwa hupungukiwa damu na chembe sahani kwa wakati mmoja, presha yake hupanda, na protini huanza kuvuja katika mkojo. Figo ndizo zinazoumia kwanza, kwa kuwa zimejaa mishipa ya aina hiyo, ingawa mapafu, utumbo na ubongo navyo vinaweza kuguswa. Mara nyingi hali hii hutokea ndani ya siku 100 za mwanzo, hasa kwa waliopokea seli za mtu mwingine.

Ugumu wake ni kwamba kila dalili yake ina kisingizio. Damu imepungua? Uboho mpya bado haujakomaa. Presha imepanda? Ni takrolimasi. Kreatinini imeongezeka? Ni antibiotiki. Daktari mzoefu huziunganisha dalili hizo zote pamoja, lakini aliye nyumbani ndiye anayeona presha ikipanda siku hata siku. Kwa hiyo daftari la presha la familia si jambo dogo. Matibabu hutegemea chanzo: dawa ya kutuliza kinga inaweza kubadilishwa au kupunguzwa, maambukizi yaliyojificha hutafutwa na kutibiwa, na baadhi ya wagonjwa hupewa ekulizumabu, dawa inayozuia sehemu moja ya kinga inayoichubua mishipa. Anayepewa dawa hii huwa katika hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo, hivyo hupewa kinga dhidi yake. Usibadilishe dozi yoyote kwa hiari yako. Takrolimasi ikiachwa ghafla, kinga mpya inaweza kuushambulia mwili kwa nguvu.

Dhara la pili huja kwa ukimya zaidi, kwa kawaida baada ya siku 100, na mara nyingi wakati dawa za kutuliza kinga zinapunguzwa au zimesimamishwa, yaani wakati familia inasherehekea kuisha kwa vidonge. Vichujio vya figo hulegea na kupitisha protini nyingi. Mkojo hutoa povu lisilotoweka upesi, kama la sabuni. Kope huvimba asubuhi, na vifundo vya miguu jioni, hata soksi ikaacha alama ya kina. Mara nyingi chanzo ni ile ile kinga ngeni, safari hii ikishambulia vichujio. Daktari bingwa wa figo huweza kuomba kuchukua kipande chembamba cha figo kwa sindano ili kikachunguzwe. Hufanyika sehemu hiyo ikiwa imetiwa ganzi, na haina maana kwamba figo inaondolewa. Hali hii hutibika kwa wengi, kwa kurudishiwa dawa za kutuliza kinga kwa muda. Isipotibiwa, kupotea kwa protini huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na bonge likitokea mguuni linaweza kusafiri hadi mapafuni.

La tatu ni virusi viitwavyo BK. Watu wengi huvipata utotoni bila kujua, vikajilaza katika figo na kibofu. Kinga ikishushwa, huamka. Mara nyingi huunguza kibofu: mkojo unauma, una damu, pengine na mabonge. Mara chache hupanda hadi katika figo zenyewe.

Hapa pana tahadhari inayowahusu waliokulia Unguja, Pemba, pwani ya Kenya, au sehemu za Kanda ya Ziwa. Kwetu damu katika mkojo ina jina lake, ni kichocho, na wako wazee waliokichukulia kuwa sehemu tu ya ujana. Baada ya kupandikizwa seli shina, usijifanyie uchunguzi huo mwenyewe. Mweleze daktari kwamba uliwahi kuugua kichocho au kuoga katika mito na madimbwi ya huko, kwani daktari aliyesomea Australia huenda asiulize, na kichocho cha zamani huweza kuacha makovu katika kibofu na mirija ya mkojo. Lakini mkojo wenye damu uripoti siku hiyo hiyo.

Waliopata mionzi ya mwili mzima wanaweza pia kuona figo zikidhoofika polepole miezi 6 hadi 12 baadaye, kwa presha na upungufu wa damu. Hili hudhibitiwa zaidi kwa kuishusha presha vizuri.

Ya kuangaliwa nyumbani

Pima uzito kila asubuhi kabla ya kula, na presha kwa saa ile ile, uandike vyote viwili. Wapigie simu wauguzi wa kitengo chako siku hiyo hiyo uonapo mojawapo ya haya: uzito umepanda kwa kilo moja au zaidi kwa siku moja, uvimbe wa uso au miguu, mkojo umepungua sana, una povu au una damu, unatapika au unaharisha kiasi cha kushindwa kunywa, presha imepita kiwango ulichopewa. Kuharisha kusidharauliwe. Hukausha mwili, na pia kunaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi katika damu, hivyo figo zikapigwa mara mbili.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata usiku wa manane. Nenda idara ya dharura ya hospitali na useme mara tu ufikapo kwamba umepandikizwa seli shina; usingoje zamu yako kwa adabu. Usimeze paracetamol kwanza ili uone kama homa itashuka. Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au degedege: piga 000. Tunajua kwamba wengine huogopa gharama ya gari la wagonjwa, kwa kuwa Medicare hailipii. Katika New South Wales wenye kadi ya unafuu wa huduma za afya ya Centrelink hawatozwi. Na asiye nayo asisite kupiga. Ankara huzungumzwa baadaye na afisa ustawi wa jamii.

Dawa, chakula na mfungo

Siku ya kupimwa kiwango cha takrolimasi au siklosporini, usimeze dozi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu. Ichukue uende nayo, uimeze baada ya kutolewa. Ukiimeza kwanza, kipimo kitaonyesha kiwango kikubwa kisicho cha kweli, na daktari anaweza kupunguza dawa uliyoihitaji. Kosa hili ni jepesi kufanyika, hasa pale mwanafamilia mwenye bidii anapopanga vidonge kila alfajiri.

Ibuprofen na diclofenac hupunguza damu inayofika katika figo. Huko nyumbani diclofenac hununuliwa kama peremende, na mara nyingi mifuko ya wageni watokao Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura huwa nayo. Asipewe mgonjwa huyu, wala ya kumeza wala ya sindano. Balungi na maji yake vinaepukwa na mwenye kutumia takrolimasi au siklosporini, kwa kuwa hupandisha kiwango cha dawa katika damu. Dawa za miti shamba hazisemwi hapa kwa dharau; wengi tumelelewa nazo. Lakini ini na figo za mgonjwa huyu zinabeba mzigo tayari, na baadhi ya mitishamba inajulikana kuharibu figo moja kwa moja. Ukiwa umekwisha kuitumia, sema jina lake kwa daktari au mfamasia, hata kama unalijua kwa Kiswahili au Kifuliiru tu, au leta majani yenyewe.

Kuhusu mfungo: sheria ya Kiislamu inamruhusu mgonjwa kula, na kwa mwenye maradhi ya muda mrefu ipo fidia. Wanaofunga katika makanisa yetu, pengine siku tatu bila maji, nao wamo katika hatari ile ile. Kukaa mchana kutwa bila maji, huku unatumia dawa inayobana mishipa ya figo, kunaweza kuziumiza ndani ya siku chache. Usianze kufunga kabla ya kuzungumza na timu yako. Saa za dawa nazo haziwezi kusogezwa ovyo. Imamu au mchungaji akitaka maelezo ya daktari, omba barua. Hilo ni ombi la kawaida, halina aibu.

Mkalimani

Katika hospitali za umma za New South Wales mkalimani wa kitaalamu hulipiwa na hospitali, si na mgonjwa, na amefungwa na wajibu wa kutunza siri. Sema "Kiswahili" unapopanga miadi, na utaje Kiswahili chako. Msemaji wa Bukavu au Uvira ana haki ya kueleza kwamba hakielewi vizuri cha Zanzibar. Mtoto asifanywe mkalimani wa habari hizi. Binti wa miaka 13 anayelijua neno "protini" kwa somo la vyakula atamwambia mama yake kwamba mkojo una lishe, na mama atafurahi. Na daktari anapotaja uwezekano wa kifo, si mtoto anayepaswa kuyachagua maneno.

Ikiwa nguvu za figo hazikurudi

Wengine huhitaji mashine ya kusafisha damu kwa siku au wiki kadhaa tu, hadi figo zizinduke. Wachache huihitaji kwa kudumu, na kati yao wapo wanaoweza baadaye kupandikizwa figo. Upandikizaji wa figo na ule wa uboho umekuwa na udugu tangu zamani: Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1990 ilitolewa kwa pamoja kwa Joseph Murray, ambaye mwaka 1954 alipandikiza figo kutoka kwa pacha kwenda kwa pacha mwenziwe, na E. Donnall Thomas, mwanzilishi wa upandikizaji wa uboho. Imewahi pia kutokea kwamba mtu aliyetoa seli shina akatoa na figo kwa mgonjwa yule yule. Kwa kuwa kinga ya mgonjwa tayari ni ya mtoaji huyo, figo ile haikuonekana ngeni, na dawa za kutuliza kinga zikahitajika kidogo au zisihitajike. Si njia ya kila mtu, lakini swali lake linafaa kuulizwa.

Hospitali za Westmead, St Vincent's, Royal Prince Alfred na Royal North Shore ni miongoni mwa zenye vitengo vya upandikizaji wa seli shina jijini; watoto hutibiwa katika hospitali za watoto za Westmead na Randwick. Andika namba ya kitengo chako, ya mchana na ya usiku, uibandike kwenye mlango wa friji ambapo kila mkaaji wa nyumba ataiona. Kwa mkalimani wa simu, piga 131 450, useme "Swahili", kisha utaje namba unayotaka kuunganishwa nayo. Ushauri wa muuguzi saa 24: 1800 022 222. Cancer Council: 13 11 20. Leukaemia Foundation: 1800 620 420. Kidney Health Australia: 1800 454 363. Dharura: 000.